Taa ya kuua vidudu na chumba cha kungojea: jibu kwa muuguzi wa Katuba

Muuguzi mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Papa Injinia, pole na kazi. Kituo chetu cha afya ni kidogo. Chumba cha kungojea kina mita 5 kwa 4, dari liko mita 2.7, na asubuhi wanajazana watu 20 na zaidi, wengine wachimbaji wa madini wanaokohoa tangu wiki tatu, nne. Baridi ilipoanza wagonjwa wakawa wanafunga madirisha wenyewe. Tulinunua taa ya ultravioleti ya kusimama, wati 36. Muuzaji alisema tuiwashe nusu saa kila asubuhi kabla ya kufungua, itaua vidudu vyote vya hewani. Wiki iliyopita zamu wetu, mlinzi wa usiku, aliingia mle alfajiri kukwepa baridi, akakaa kando ya taa kama anaota mbabula, lile jiko la makaa. Saa nane mchana akaamka kwake analia, macho hayafunguki. Je, atapofuka? Taa hii inatulinda kweli? Na fundi wetu wa bati akiifanyia kifuniko itazame juu, tunaweza kuiacha inawaka watu wakiwa ndani?"

Mama, nianze na zamu, maana yeye ndiye mwenye maumivu. Hatapofuka. Kilichompata ndicho kinachowapata vijana wanaochomelea mageti kando ya barabara bila kioo cheusi: mchana wanacheka, usiku wanahisi kama mtu amewamwagia mchanga machoni. Mionzi ya aina hii haipenyi mpaka ndani ya jicho. Inaunguza ngozi ile nyembamba ya nje, seli zake zinakufa na kubanduka, mishipa ya fahamu inabaki wazi. Kubanduka huko kunachukua muda, ndiyo maana maumivu yanachelewa saa 6 hadi 12, na ndiyo maana mtu anakaa mbele ya taa bila kushtuka. Joto la mbabula linakuonya usogee. Hii haikuonyi.

Akae gizani, aweke kitambaa cha maji baridi juu ya macho, mumpe dawa ya maumivu na matone ya kulainisha. Msimpe chupa ya matone ya ganzi aende nayo nyumbani. Najua yanatuliza papo hapo, lakini yakirudiwarudiwa yanazuia jicho kupona na yanaweza kuliharibu hasa. Ndani ya siku moja au mbili awe mzima. Zikipita mbili na bado anaumwa au anaona ukungu, aende kwa daktari wa macho. Uso na shingo vikiwa vyekundu pia, ni kuungua kule kule.

Mimi mwenyewe nimeyaonja. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nabadilisha balasti, kile kifaa kinachoipa tyubu umeme wake, katika maabara moja yenye taa mbili. Moja niliizima, ya pili nikaiacha ili nione ninachofanya. Uvivu tu. Kazi ilinichukua dakika kumi hivi. Usiku ule nilikaa kitandani na taulo lenye maji usoni, mke wangu akinisomea simu kwa sauti kwa sababu sikuweza hata kuutazama mwanga wa kioo chake. Tangu hapo sigusi taa yoyote ya namna hii kabla sijachomoa waya kwa mkono wangu.

Hesabu yake iko hivi. Kikomo kinachofuatwa kimataifa kwa mionzi ya nanomita 254 (huo ni urefu wa wimbi lake), ambayo ndiyo inayotoka kwenye taa za zebaki kama yenu, ni milijuli 6 kwa kila sentimita ya mraba ya jicho katika siku ya kazi ya saa 8. Taa ya wati 36 isiyo na kifuniko inatoa takriban wati 12 za mionzi hiyo. Ukisimama mita 2 mbele yake unakula kikomo chote cha siku kwa dakika nne au tano. Zamu alikuwa karibu zaidi, na alikaa nusu saa.

Sasa swali lako la pili. Taa inaua vidudu, hapo muuzaji hakudanganya. Mionzi hii inaingia katika DNA ya kijidudu na kugandisha herufi zake zilizo jirani, kikashindwa kujizalisha, na kijidudu kisichoweza kuzaa hakimuambukizi mtu. Bakteria wa kifua kikuu wanauawa nayo, na virusi vingi vya hewani pia. Tatizo ni saa mnayoiwasha.

Fikiria chumba chenu. Mgonjwa wa mwisho anatoka, tuseme, saa kumi jioni. Mnafunga. Mpaka mnaporudi saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa 14. Hata chumba kilichofungwa kina nyufa, chini ya mlango, kwenye dari, kwenye fremu za madirisha. Hewa yake ikibadilika mara moja tu kwa saa, basi ndani ya saa tano hivi vidudu 99 kati ya 100 vilivyokuwa vinaelea vimeshatoka. Yaani mnapobonyeza swichi asubuhi, mnasafisha hewa ambayo usiku umeshaisafisha bure. Halafu mnazima, mnafungua mlango, anaingia mchimbaji mwenye kikohozi cha wiki nne, anakaa benchi ya kwanza. Akikohoa mara moja, nusu saa yenu ya taa imekwisha kazi.

Kifua kikuu kinakuja na pumzi, na pumzi inakuja na watu. Matone makubwa ya kikohozi yanaanguka sakafuni, lakini yale madogo kabisa yanakauka yangali hewani na kuelea kwa saa nyingi, yakizunguka chumba kizima. Chombo kinachotakiwa katika chumba cha kungojea ni kile kinachofanya kazi saa nne asubuhi, benchi zikiwa zimejaa. Taa isiyoweza kuwashwa mbele ya watu ina kazi zake, ila si hiyo.

Na hapo ndipo fundi wako wa bati amewaza vizuri kuliko muuzaji, ingawa bado simruhusu.

Wazo la kuitazamisha juu ni la zamani. Katika miaka ya 1930 Mmarekani William Wells, yule aliyeeleza habari ya matone yanayokauka hewani, alifunga taa za namna hiyo juu ya vichwa vya wanafunzi katika shule za Philadelphia, na surua ikapungua madarasani. Wengine walipojaribu kurudia katika shule nyingine hawakuona tofauti kubwa, na moja ya sababu ilikuwa kwamba watoto walikuwa wanapanda basi moja kwenda shule. Taa iko darasani, kikohozi kiko ndani ya basi. Nakukumbusha hilo kwa ajili ya wauguzi wenu wanaokula pamoja katika kile chumba kidogo cha nyuma.

Baadaye mwanafunzi wake, Richard Riley, akaonyesha huko Baltimore jambo ambalo hakuna aliyeweza kulibishia tena: hewa ya wodi ya kifua kikuu ikipelekwa kwa bomba mpaka kwa panya wale wa kufugwa tunaowaita simbilisi, simbilisi wanaambukizwa, hewa ile ile ikipitishwa kwanza kwenye mionzi, hawaambukizwi. Jaribio kama hilo likafanywa Lima, nchini Peru, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2009: simbilisi waliovuta hewa ya wodi bila kinga waliambukizwa 35 kati ya 100, na siku ambazo taa za juu ziliwashwa wakaambukizwa chini ya 10. Afrika Kusini nako walipima na kupata kinga ya asilimia 80 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019 wa kuzuia maambukizi ya kifua kikuu, linazikubali taa za juu ya chumba. Kwa hiyo si ndoto ya muuzaji.

Lakini taa hizo zinatengenezwaje? Tyubu imefichwa ndani ya sanduku, na mbele yake kuna mabamba membamba meusi yaliyopangwa moja juu ya lingine, karibukaribu, kama persiana ya dirisha. Mwale unaotaka kushuka unagonga bamba jeusi na kufia pale. Unaotoka ni ule tu uliolala sawasawa, unakatiza chumba juu ya vichwa kama shuka lililotandazwa karibu na dari. Hewa yenyewe ndiyo inayopanda kwenda kusafishwa: joto la miili ya watu 20 linaisukuma juu, feni ya dari inayozunguka polepole inaiongezea mwendo. Hewa chafu inapanda, safi inashuka, watu hawapigwi na mwale.

Kifuniko cha bati hakiwezi hayo. Kitaurusha mwanga wote juu, utagonga dari lililo mita 2.7 tu, na sehemu yake itarudi chini vichwani. Katika ukumbi wenye dari refu kama la kanisa, taa iliyo wazi kwa juu inawezekana. Kwenu hapana. Na kama dari lenu lina ile karatasi ya kung'aa ya aluminiamu ya kuzuia joto, ni hatari zaidi, maana aluminiamu inarudisha mionzi hii karibu kama kioo cha kujitazamia. Fundi wako anaweza kufanya kazi safi kwa macho yake yote mawili, lakini mionzi yenyewe haionekani. Ule mwanga wa buluu hafifu unaouona ni moshi tu, moto wenyewe huuoni. Bila kipimo cha nanomita 254 hakuna fundi, wala mimi, anayejua nini kinashuka kwenye benchi.

Mkipata pesa za taa yenyewe, ombeni mambo haya kwa maandishi. Kwanza, kiasi cha mionzi kinachotoka nje ya sanduku. Wati za umeme hazikusaidii hapa, kwa sababu mabamba yale meusi yanameza sehemu kubwa na kinachobaki ni kidogo. Kipimo kinachotumika ni miliwati 12 au zaidi kwa kila mita ya ujazo wa chumba. Chenu ni 5 mara 4 mara 2.7, mita za ujazo 54, kwa hiyo mnahitaji miliwati 650 hivi kwa jumla. Taa moja isipofika, zifungwe mbili zikitazamana. Pili, ukingo wake wa chini uwe mita 2.1 au zaidi kutoka sakafuni. Tatu, hakuna kulipa salio kabla fundi hajazunguka chumba na kipimo mkononi, kwenye urefu wa macho ya mtu aliyesimama, penye benchi zote, mlangoni, na hasa pale mezani kwako unapokaa siku nzima. Mtu akikaa saa 8 mahali pamoja, isizidi mikrowati 0.2 kwa sentimita ya mraba. Mgonjwa anakaa saa mbili akaenda zake. Wewe hubanduki.

Kuna kosa moja nimeliona kwa macho. Taa ilifungwa vizuri, ikapimwa vizuri, kisha miezi mitatu baadaye mfanyakazi akapanda ngazi kupaka rangi karibu na dari, taa inawaka. Alishuka na kichwa chake kizima, macho hapana. Swichi iwe na kufuli au iwe ndani ya chumba cha daktari, na maandishi ya Kiswahili na Kifaransa yabandikwe pale pale kwenye sanduku: zima kabla ya kupanda.

Umeme. Najua unacheka, kwa sababu delestaji ya Katuba, ule mgao wa umeme, naijua. Taa mbili za wati 36 pamoja na balasti zake hazizidi wati 80 au 90. Zikiwaka kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, saa ambazo watu wamejaa, ni wati-saa 600 hivi. Hiyo ndiyo nusu ya betri ya ampea-saa 100 ya volti 12, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo betri moja nzuri na paneli za kuijaza zinatosha kwa kubana. Ukimwachia mtu achomeke friji ya soda humo humo, sahau.

Nimeongea sana juu ya taa, na sijagusa dirisha, ambalo ndilo lingekuwa la kwanza kama ungeniuliza nini cha kufanya kesho asubuhi. Watafiti walipima vyumba 70 katika hospitali nane za Lima. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa wastani, na katika majengo ya kizamani yenye dari refu na madirisha makubwa mara 40. Chumba cha kutenga wagonjwa chenye mashine za bei mbaya kinalenga mara 12. Dirisha lenu la Katuba linaweza kuishinda mashine ya mamilioni, likiwa wazi, na likiwa na mwenzake upande wa pili ili upepo upite.

Jaribu hivi: chukua udi au kipande cha boksi, kiwashe, kizime kibaki kinafuka. Simama katikati ya chumba madirisha yakiwa yamefungwa, utazame moshi. Utapanda taratibu, utagonga dari na kutanda. Sasa fungua dirisha moja. Moshi utayumba kidogo. Fungua na mlango wa upande wa pili. Utauona unalala na kukimbia kama umeitwa. Waite wagonjwa watazame. Nimeona watu wakiacha kufunga madirisha kwa ajili ya moshi huo, baada ya mabango ya ukutani kushindwa miaka miwili.

Wale wa kikohozi wasikae ndani kabisa. Mna baraza? Wekeni benchi huko juani. Asubuhi ya Juni jua ndilo linalotafutwa na kila mtu. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apewe barakoa mlangoni na aonwe kwanza, asingoje zamu yake. Makohozi ya kupimwa yatolewe nje, mbali na watu. Na wachimbaji msiwachukulie kama wakohoaji wa kawaida, maana vumbi la mawe lenye silika linaharibu mapafu na kumfungulia mlango kifua kikuu. Mbabula ya makaa msiingize ndani hata kama watu wanatetemeka. Kwenye chumba kilichofungwa inaua upesi kuliko kifua kikuu.

Jambo moja linalotupendelea hapa Lubumbashi: taa za juu hupungua nguvu hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuanzia asilimia 60 au 70 hivi. Miezi yetu ya baridi ndiyo miezi mikavu. Yaani wakati watu wanafunga madirisha, taa iko kwenye ubora wake; mvua zikija na unyevu ukapanda, madirisha yanafunguka. Ila msimu mkavu unaleta lile vumbi jekundu la barabara, na vumbi juu ya tyubu linameza mionzi. Kila mwezi taa izimwe, ipoe, ifutwe kwa kitambaa cha pamba chenye alkoholi, bila kuishika kwa vidole. Tyubu inabadilishwa kwa hesabu ya saa, nyingi ni saa 9,000 hivi, hata kama bado inawaka. Mwanga wa buluu unaweza kubaki pale pale huku mionzi yenyewe imepungua sana. Ikivunjika, ina zebaki kidogo: fungueni madirisha, tokeni robo saa, kisha mzoe vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi. Msifagie.

Hiyo taa mliyonayo, itazame kabla ya kuiweka kando. Kama imeandikwa nanomita 254, ni ya kweli. Kama imeandikwa 365 au 395, au ni vile vitaa vidogo vya LED vya zambarau, mmenunua taa ya kambisti, mbadilisha pesa: ile inayofanya uzi wa ndani ya noti ya dola ing'ae. Inaonyesha noti bandia, lakini kwa bakteria hawa haina kazi ya maana. Usidanganyike na mng'ao. Muuzaji anayekuonyesha noti ikimetameta chini ya taa hajathibitisha lolote juu ya vidudu. Na kama ikiwaka inatoa harufu kama ya baada ya radi, hiyo ni ozoni. Kuna tyubu zinazotoa pia mionzi ya nanomita 185, nayo ndiyo inayoitengeneza. Ozoni inachoma koo na mapafu, na mwenye pumu ataijua kwanza. Ya hivyo isiwake mahali popote watu watakapovuta hewa.

Ikiwa ni ya 254 na haina harufu, ipeleke maabara, juu ya meza ya makohozi, iwake wakati mlango umefungwa kwa ufunguo na swichi iko nje. Hata huko kufuta meza kwa dawa kunabaki pale pale, kwa sababu mwale haupindi kona na kivuli cha chupa kinatosha kuficha vidudu.

Watakuja na taa za nanomita 222, wanazosema zinaweza kuwaka watu wakiwa chini yake. Mionzi hiyo kweli inaishia juujuu ya ngozi na jicho zaidi kuliko ya 254, na vikomo vyake viko juu zaidi. Lakini taa hizo ni ghali, zinahitaji chujio zuri, nazo hutoa ozoni kidogo. Nisingeanza nazo Katuba.

Nipigie picha ya chumba kutoka kila kona, dari lionekane, na unipimie madirisha upana na kimo. Zamu akiamka salama, mwambie ufunguo wa chumba kile sasa unakaa kwako.